Fundi Aliyepima Gari na Watu Wake Ndani

Mtu akimletea gari lililolala nyuma, Fundi hakuliangalia gari kwanza. Alimwangalia mwenyewe. Alifuta mikono kwenye gunia lililoning'inia mlangoni, akauliza, "Unabeba nani?"

Mwenye gari alianza kueleza habari za magunia na mikebe ya maziwa na ubovu wa barabara ya kutoka Riruta. Fundi alimwacha amalize, kisha akauliza tena, kwa sauti ileile, "Sawa. Lakini unabeba nani?"

Kawangware ya siku zile ilikuwa na mafundi wa kila kitu: wa viatu, wa redio, wa stovu, wa kufuli. Lakini kwenye ploti yetu, ukisema Fundi bila kuongeza neno, ulimaanisha yeye, fundi wa springi. Chumba changu na karakana yake viligawana ukuta mmoja wa mabati. Nilikuwa nimekuja mjini juzijuzi, nikiuza vitambaa katika duka moja la katikati ya jiji, na mwanzoni nilidhani sitaweza kuishi karibu na nyundo ile. Baada ya muda nilianza kuielewa. Palikuwa na mlio wa chuma kinachokataa na mlio wa chuma kinachokubali, na huo wa pili ukija, Fundi alianza kuimba wimbo wa kanisani kwao Magharibi, polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto.

Magari madogo ya wakati ule yalikuwa yameshuka ngazi kabla ya kutufikia sisi. Yalinunuliwa mapya na watu waliokaa nyumba zenye bustani, wakayauza kwa makarani wao, makarani wakayauza kwa walimu, na walimu kwa wachuuzi na wazee wa kanisa. Yalitengenezwa kubeba watu wanne wembamba na kikapu cha chakula. Huku kwetu yalibeba kwaya. Kwa hiyo yalikaa chini kwa nyuma kama kuku anayetaka kutaga, na bomba la moshi likakwaruza mawe kila baada ya mvua. Springi mpya zilikuwepo mjini, kwenye maduka yenye vioo, lakini kwa watu wetu vioo vile vilikuwa vya kutazamia tu.

Ndipo Fundi alipoingia. Alikwenda Kibera kwa miguu, akashuka kwa wauza vyuma chakavu walioketi karibu na reli, akachambua springi za malori yaliyokufa. Alizigonga moja moja kwa kokoto na kuzisikiliza. Zile zilizompendeza alizifunga kwa mipira ya matairi, akazibeba begani hadi Kawangware, jasho likimtoka, koti likiwa limekunjwa begani kama kata. Jani la springi ya lori, yaani kila ubapa wa chuma kati ya zile zinazopangwa pamoja, ni nene na pana kuliko linalohitajika kwenye gari dogo. Alilikata, akalipunguza upana, akalilaza juu ya kipande cha reli na kulipiga nyundo kutoka katikati hadi ncha, mpaka likarudi kupinda kama upinde. Hakutumia moto. Mafundi wengine walipasha chuma ili kazi iende haraka, naye aliwatazama kwa huruma.

"Chuma ukiipika inasahau," alisema. "Leo itasimama vizuri. Kesho ukibeba mama mkwe inalala."

Kisha lilikuja lile jambo lililomfanya asemwe mtaa mzima. Fundi hakukubali kufunga springi kabla ya kuona watu. Mwenye gari alitakiwa kuja Jumamosi alasiri na wote anaowabeba kwa kawaida, na kila mmoja akae mahali pake pa siku zote. Wakishakaa, Fundi alipiga magoti kando ya gurudumu la nyuma, akatanua kiganja, na kupima kwa shubiri nafasi iliyobaki kati ya tairi na madigadi. Halafu aliwachekesha. Alifanya hivyo makusudi, kwa sababu watu wakicheka gari hutikisika, na kutokana na mtikisiko ule alijua ni majani mangapi ya kuongeza na yawe marefu kiasi gani.

Mwenye ploti wetu, mama mmoja wa Kikikuyu aliyekuwa na shamba pale hata kabla ya barabara kupitishwa, alikuwa na kigari cha bluu alichokipenda kuliko nyumba zake zote. Alimletea Fundi, na badala ya watu akaleta viazi.

"Wee Fundi, mimi sina wakati ya kukusanya watu wote hapa kama harambee," alisema. "Hizi viazi ni uzito moja na hao. Pima."

Fundi alivitazama viazi. "Mama, viazi hazishiki roho kwa kona."

"Nini?"

"Watu wakiona shimo wanajikaza. Wakiona kona wanaegemeana. Viazi zinakaa tu. Lete watu."

Mama yule alimwita jina baya kwa Kikikuyu, akaondoka na viazi vyake. Jumamosi iliyofuata alirudi na mama mkwe wake, binti zake, na mwenzake mmoja wa kanisani aliyekuwa na kikapu mapajani. Fundi alipiga magoti, akapima, kisha akatangaza kwa sauti ya kutosha ploti nzima kwamba mwenye ploti amekubali kuezeka upya choo chetu. Mama mkwe ndiye aliyecheka zaidi ya wote. Gari lilicheza hadi kikapu kikaanguka. Fundi akanyanyuka. "Nimeona," alisema. Kigari kile cha bluu kilipanda na kushuka Dagoretti kwa miaka bila kugusa jiwe. Choo kiliezekwa pia, baadaye sana.

Vijana walimtafuta kwa sababu nyingine. Walitaka magari yainuliwe nyuma yafanane na yale ya mashindano. Nakumbuka mmoja, mwenye suruali pana chini na miwani ya jua siku ya mawingu.

"Unabeba nani?" Fundi alimuuliza.

"Mimi tu."

"Basi enda ukaoe kwanza."

Ukimsikia hivyo utadhani alikuwa mtu wa safari. Hapana. Nikimkumbuka, jambo linalonichekesha hadi leo ni kwamba Fundi hakuweza kukaa kiti cha nyuma cha gari lolote. Kichefuchefu kilimshika kabla ya kona ya kwanza. Angeweza kuendesha, na mbele angevumilia, lakini nyuma, pale alipofanyia kazi maisha yake yote, hakupajua. Kwa hiyo gari likirudi kutoka kujaribiwa hakumuuliza dereva kitu. Alifungua mlango wa nyuma na kumuuliza mzee zaidi aliyekuwemo, "Mgongo umesemaje?" Na alichosema mgongo ule ndicho kilichokuwa sheria.

Alikuwa mpole kwa chuma na mkali kwa wenye chuma. Alijua kwamba mtu akipata shida hufungua jani moja la springi akaliuze, kisha gari likilala alaumiwe fundi. Kwa hiyo kila alipomaliza kazi, alikata ncha ya boliti ya katikati, ile inayoshikanisha majani yote, na kuiponda kwa nyundo mpaka ikasambaa kama uyoga. Bila tindo kali na saa nzima ya kugonga, majani yale hayakuachana. "Hiyo sasa ni ndoa," alisema, akiipiga kofi.

Nyuma ya karakana, juu ya mawe, palikuwa na gari lake mwenyewe. Lilikuwa dogo, la rangi ya maziwa ya mtindi, na kwa nyuma halikuwa na springi kabisa. Wageni walilicheka na kusema kinyozi hajinyoi. Sisi wapangaji hatukucheka, maana tulijua gari lile ni la nini.

Krismasi moja huko nyuma, kabla sijahamia pale, Fundi alikuwa kwao Maragoli. Baada ya chakula, mbele ya wajomba na majirani, alisimama akasema kwamba hatarudi tena nyumbani kwa basi. Atakuja na gari lake, amchukue mama yake, ampeleke Nairobi akaone mahali mwanawe anapofanya kazi. Mama alikuwa na mgongo mbaya, matokeo ya kubeba maji na kuni kupanda mlima, na basi lilikuwa limeshamshinda. Watu walipiga makofi. Mama alisema, "Basi nitakungoja."

Neno lililosemwa mbele ya wajomba halirudi kinywani. Kila Krismasi baada ya hapo wenzake walifunga mizigo na kwenda, naye alibaki, akawapa sukari na vitambaa wampelekee mama. Kila mara alipomaliza kutengeneza springi za gari lake, alikuja mtu. Mara mkunga wa Riruta, ambaye gari lake limekatika jani na kuna wanawake wanamngoja. Mara mzee wa kanisa, ambaye kesho yake anasafirisha maiti kwenda Bungoma. Fundi alikwenda nyuma ya karakana na spana yake, akafungua springi za gari lake na kumfungia huyo.

Nilimwambia siku moja kwamba mama yake hatangoja milele.

"Najua, jirani," alisema. "Lakini mkunga pia hawezi kungoja."

Mwishowe ilikuja barua ya salamu tu kutoka kwa dada yake, na ndani yake mstari mmoja: mama ameanza kuuliza kama Nairobi bado iko. Fundi aliisoma amesimama. Jioni hiyohiyo alifunga karakana, na kwa wiki nzima hakupokea gari la mtu, hata la mwenye ploti.

Jumamosi yake ilifika, na kwa mara ya kwanza tuliona akipima gari lake. Mama yake hakuwepo wa kukaa mahali pake, kwa hiyo alimtafuta mfano wake. Alimwendea muuza mboga za sukuma wa njia panda, mwanamke mkubwa, mwenye mabega ya kubeba mlango, akamwomba akae nyuma upande wa kushoto.

"Mama yako ni kama mimi?" aliuliza muuza sukuma.

"Wewe ni nusu. Mama yangu alikuwa akibeba gunia la mahindi kichwani na mimi mgongoni, anapanda mlima akiimba."

"Basi huyo si mama, ni lori," mwenye ploti alisema kutoka mlangoni kwake, na gari likacheza vizuri kwa kicheko. Fundi alipima. Aliongeza jani kwa ajili ya nusu iliyokosekana. Kisha akakata ncha ya boliti na kuiponda ikawa uyoga.

Aliondoka asubuhi ya Alhamisi. Ploti nzima ilisimama kumuaga. Nyuma ya gari ilikuwa imeinuka kama paka aliyeona mbwa, na kila mtu alisema subirini akae mama, mtaona litakavyotulia.

Alirudi Jumapili, watu wakitoka kanisani. Gari lilikuja polepole, limekaa vizuri kabisa, na lilikuwa limejaa. Mlango ulifunguliwa. Alishuka mwanamke mwenye kuku wawili, akashukuru, akaenda zake. Wakashuka wanafunzi wa sekondari na sanduku lao. Akashuka mzee aliyeshika gurudumu la baiskeli. Hakuna kati yao aliyekuwa wa kwetu. Nyuma yao wote, upande wa kushoto, kwenye kona ya kiti, tulimwona mama yake Fundi. Alikuwa mdogo kama leso iliyokunjwa. Muuza sukuma alikuwa amekuja kumwona mwenzake, na alipomwona alifunika mdomo kwa kiganja.

Fundi alimbeba kwa mikono miwili. Hakuwa na uzito wa kumwinamisha.

Siku ya pili yake Fundi aliniambia yaliyotokea, tukiwa tumekaa kwenye reli yake ya kufulia chuma. Alisema alipofika nyumbani alimtafuta mama yake kwa macho, na mama alikuwa mbele yake. Miaka ilikuwa imempunguza kidogo kidogo, na kila aliyempelekea sukari alirudi na salamu kwamba mama yuko sawa, maana waliomwona kila Krismasi hawakuona tofauti. Yeye peke yake alikuwa na mama wa zamani kichwani, na springi zake alikuwa amemtengenezea huyo.

Dada yake alibaki kumuuguza mtoto wake, kwa hiyo walisafiri wawili. Gari likamrusha mama. Kila shimo lilimwinua kitini na kumwangusha, naye hakulalamika, alisema tu "ee" kwa sauti ndogo. Fundi alisimama kando ya barabara, akaingia chini ya gari, akaitazama ile boliti aliyoiponda kwa mkono wake mwenyewe. Tindo alikuwa ameiacha Kawangware.

"Nililia huko chini, jirani," alisema. "Nilijifanya naangalia mafuta."

Alinunua mahindi, akajaza buti. Haikutosha. Ndipo alipomwona mwanamke mwenye kuku akingoja basi, akamwambia apande, hatamlipisha. Gari likashuka kidogo, na mama akaiacha ile "ee" yake. Mbele kidogo akawapakia wanafunzi. Wengine walishuka Nakuru, akawatafuta wengine. Tangu hapo hakuendesha hata hatua moja bila watu. Karibu barabara nzima, kutoka Maragoli hadi Kawangware, alimlainishia mama yake njia kwa uzito wa wageni.

Mama alikaa nasi hadi mvua zilipokwisha. Alionyeshwa karakana, reli, nyundo. Alionyeshwa mjini, na hakupashangaa sana. Alipenda kukaa juani mlangoni kwangu, kwa sababu ukuta wa mabati ulihifadhi joto, na Kiswahili chake cha sokoni kilitutosha.

"Mulembe, mama," nilimsalimia.

"Mulembe. Kaa." Alinigonga goti. "Sikujua huyu ana watu wengi hivi. Kutoka nyumbani mpaka hapa, kila mahali anasimama, wanamkimbilia. Barabara yote wanamjua." Alitikisa kichwa. "Mimi nilikuwa naogopa. Nilisema, labda kule Nairobi mtoto wangu anaishi peke yake."

Ndani, nyundo ilikuwa imenyamaza. Fundi alisikia, na hakumsahihisha, si siku ile wala siku nyingine yoyote. Mama aliporudi nyumbani, alirudi katika gari lililojaa vilevile. Alifariki kwao, kitandani kwake, baada ya mavuno yaliyofuata.

Mimi nilihama Kawangware. Nilisikia kwamba mwenye ploti alijenga nyumba ya mawe pale palipokuwa karakana, na Fundi akasogea Kibera, karibu na vyuma vyake. Ilipita miaka kabla sijamwona tena.

Nilikuwa nimekwenda kumtembelea rafiki upande wa Makina, hukohuko Kibera, na sasa nilikuwa naondoka. Kando ya njia niliona gari dogo la rangi ya mtindi, nyuma yake imeinuka vilevile kama paka. Fundi alikuwa ameegemea boneti, ndevu zimekuwa nyeupe, ametazama barabara. Alinitambua kabla sijasema neno.

"Jirani. Unaenda wapi?"

"Kawangware. Naenda kuamkua watu."

"Na mimi nilikuwa nataka kuenda Kawangware," alisema. Sikuamini, na hakuonyesha kujali kama naamini. Alifungua mlango wa nyuma.

Nilimuuliza kwa nini hakuondoa lile jani, mbona sasa tindo anayo.

"Nikiitoa, gari itakuwa tamu hata nikiwa peke yangu," alisema. "Halafu nitaanza kupita watu. Mama alisema barabara yote wananijua. Sitaki awe aliongea uongo."

Niliingia, nikakaa upande wa kushoto. Fundi alikuja kando ya gurudumu, akashika kiuno, akapiga magoti kwa shida. Nilisikia kiganja chake kikitambaa kwenye madigadi.

"Bado," alisema.

Kwa hiyo tulingoja, mlango ukiwa wazi. Palipita mtu na mkokoteni, akamsalimia kwa cheo chake, "Fundi, niaje," naye akamwitikia. Kisha alitokea mwanamke mwenye mzigo wa makaa kichwani, anayetembea kama mtu aliyekwisha kata tamaa ya kukaa siku hiyo. Fundi alimsimamisha, akamuuliza anakokwenda.

"Riruta," alisema mwanamke, akimtazama kwa mashaka.

"Hiyo ndiyo njia yetu," alisema Fundi, akampokea mzigo.

Mwanamke aliketi kando yangu, akatoa pumzi. Gari lilishuka, polepole, mpaka likapata mahali pake.